Oringi inakaa upande wa nani? Kuchagua kati ya yoki na DIN

Mwezi huu vijana watatu wanaoongoza wapiga mbizi hapa kaskazini mwa Unguja wameniuliza swali lile lile kwa nyakati tofauti, na kila mmoja wao alikuwa tayari ameshika simu yenye picha ya regulata anayotaka kuinunua: "Kaka, nichukue ya yoki au ya DIN?" Sikutaka kumjibu yeyote kwa neno moja. Regulata ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote ambavyo mwongozaji wa huku hununua kwa fedha yake mwenyewe, tena baada ya kufanya kazi miaka kadhaa kwa vifaa vya kituo cha mbizi, na anayekosea katika ununuzi huo huishi na kosa lake kwa muda mrefu. Niliwaahidi kwamba nitakaa niandike, nami natimiza ahadi.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, regulata huchukua hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi, kwa kawaida kwa mgandamizo wa bar 200, na kuishusha mpaka mtu aweze kuivuta kwa pumzi ya kawaida. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hufungwa kwenye valvu ya mtungi na kuushusha mgandamizo hadi kama bar 9 au 10 juu ya ule wa maji yanayokuzunguka, na hatua ya pili, ile ya mdomoni, humalizia. Mjadala wa leo unahusu mahali pamoja tu, pale ambapo hatua ya kwanza inakutana na valvu. Yeyote anayepikia gesi analifahamu tatizo lenyewe, kwani regulata ya mtungi mkubwa haikai kwenye ule mdogo wa kilo 6 unaofungwa kichomeo juu yake. Na sisi pia tuna maungio mawili makuu yasiyopatana.

La kwanza ni yoki, ambayo Waingereza huiita A-klampu na ambayo kwenye vifaa vingi huandikwa INT. Ni fremu ya chuma inayovishwa juu ya valvu kama nira inavyovishwa shingoni mwa ng'ombe, kisha skrubu kubwa ya nyuma inakazwa kwa vidole hadi uso wa regulata uubane barabara uso wa valvu. Katikati ya uso huo wa valvu kuna tundu, na kulizunguka tundu kuna mfereji mdogo wa duara ambamo hukaa oringi moja nyeusi ya mpira. Oringi hiyo ndiyo inayoizuia hewa isitoroke, na hakuna kingine kinachoisaidia.

La pili ni DIN, lililopewa jina la taasisi ya viwango ya Ujerumani, Deutsches Institut für Normung. Hapa hakuna fremu. Regulata ina shina lenye hesi za nje za kipimo kinachoandikwa G5/8, nalo huingizwa ndani ya mdomo wa valvu wenye hesi za ndani na kuzungushwa kwa gurudumu dogo la mkono mpaka ligote. Oringi yake imekaa kwenye ncha ya shina, upande wa regulata, na shina likishagota oringi hubaki imezingirwa na chuma pande zote.

Ukiyasoma maelezo hayo mawili kwa makini utaiona tofauti ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha jambo lote, ingawa wauzaji hawaitaji mara nyingi. Kwenye yoki, oringi ni mali ya mtungi. Kwenye DIN, oringi ni mali yako. Mwenye yoki anaweza kuitunza regulata yake kama mboni ya jicho, akaisuuza kwa maji baridi kila jioni na kuipeleka kwa fundi kila mwaka, lakini kila asubuhi anaifunga juu ya oringi asiyoijua historia yake: mtungi wa kukodi uliolala juani, uliogongana na wenzake ndani ya boti, uliojazwa jana na mtu mwenye haraka. Mwenye DIN anaikagua oringi yake mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani, anaipangusa, anaigusa kwa kidole akitafuta ufa, na akiitilia shaka anaibadilisha papo hapo.

Nitaeleza nilipolielewa hili, maana sikulielewa darasani. Ilikuwa asubuhi ya Januari, kaskazi ikivuma kwa upole, nasi tulikuwa upande wa Mnemba na wageni sita. Nilikuwa nikimsaidia mgeni mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akirudi majini baada ya miaka mingi, na nilikwisha kuifunga regulata ya kituo kwenye mtungi wake. Nikaanza kuifungua valvu polepole kama tulivyofundishwa, geji nikiwa nimeigeuzia pembeni. Nilipofika kama nusu mzunguko ukatoka mlio mmoja mkali, kama wa tairi la baiskeli linalopasuka, ukafuatiwa na mvumo wa hewa uliowafanya wote waliokuwa botini waguse vichwa vyao. Niliifunga valvu, nikabonyeza kitufe cha hatua ya pili kuitoa hewa iliyobaki, nikailegeza skrubu. Oringi ilikuwa imechomoka kwenye mfereji wake na kuning'inia upande mmoja kama uzi wa kiatu, na nilipoibana kwa kucha ikakatika. Mpira ulikuwa mgumu na wenye vipasuko vidogo vidogo kuuzunguka, vipasuko ambavyo mtu angeviona kwa macho tu kama angeangalia.

"Mwalimu, tuna oringi nyingine?" aliniuliza kijana wa boti. Hatukuwa nayo. Ilibidi tuichomoe kutoka mtungi wa akiba kwa ncha ya kiberiti, na yule mama, ambaye alikuwa ameitazama kazi yote hiyo bila kusema neno, akaomba abaki botini. Sikumlaumu hata kidogo. Kosa halikuwa lake wala la regulata, na kwa haki kabisa naweza kusema kwamba lilikuwa langu pia, kwa sababu nilifunga bila kutazama. Tangu siku ile sijafunga yoki bila kupitisha kidole juu ya oringi kwanza, na mfukoni mwa jaketi langu daima kuna kichupa chenye oringi mpya sita na kijiti cha plastiki cha kuzichomolea, maana kitu chenye ncha ya chuma huukwaruza mfereji, na mfereji uliokwaruzwa hauzibi tena hata kwa oringi mpya.

Kwa nini oringi ya yoki huchomoka namna hiyo? Hesabu yake si ngumu. Oringi inayotumika sana kwenye valvu za yoki ina kipenyo cha nje cha kama milimita 16, hivyo eneo ambalo hewa inalisukuma ni takriban sentimita mraba 2. Kwa bar 200, nguvu inayojaribu kuitenganisha regulata na valvu ni sawa na uzito wa kilo 400 hivi. Nguvu yote hiyo inabebwa na fremu ya yoki, na fremu yoyote inayovutwa hivyo hupanuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mtungi ukigongwa, au mtu akiiinamisha regulata kwa bahati mbaya anapopita kwenye ukingo wa boti au chini ya bamba la meli iliyozama, uwazi mwembamba kama karatasi hujitokeza upande mmoja, na mpira uliosukumwa kwa nguvu ile hupenya hapo na kutoka nje. Ndiyo sababu ugumu wa mpira wenyewe una maana kubwa: oringi ya ugumu wa 90 kwa kipimo cha Shore hustahimili kupenya huko vizuri zaidi kuliko ile ya 70, ambayo ni laini na mara nyingi ndiyo inayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari. Naomba hili lizingatiwe na kila anayenunua oringi za kituo kwa bei nafuu.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini skrubu ya yoki haitakiwi kukazwa kwa nguvu za mkono mzima. Kuikaza kwa vidole kunatosha kuviweka vitu mahali pake kabla hewa haijafunguliwa, na hewa ikishafunguliwa huwezi kuilegeza hata ukitaka, mpaka uifunge valvu na kuutoa mgandamizo. Vijana wengi hukaza kama wanaofunga gurudumu la lori, kisha jioni wanatafuta spana ya kufungulia.

Kwenye DIN nguvu ile ile ipo, lakini inabebwa na hesi zilizoshikana duara zima, wala hakuna fremu ya kupanuka. Oringi haina pa kukimbilia. Ukiigonga regulata ya DIN utaweza kuikwaruza, pengine hata kuliumiza shina lake kama pigo ni kubwa, lakini kuichomoa oringi kwa pigo la kawaida ni vigumu mno. Ndiyo maana wanaoingia mapangoni na ndani ya meli zilizozama, wanaobeba mitungi miwili mgongoni iliyounganishwa kwa bomba, wamekubaliana juu ya DIN karibu kote duniani. Juu ya vichwa vyao kuna dari, na mtu mwenye dari juu ya kichwa hawezi kupanda moja kwa moja pale hewa inapotoka.

Sitaki, hata hivyo, mtu aamini kwamba yoki ni kifaa cha hatari. Muungo huu ulienea pamoja na regulata zilizotokana na kazi ya Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan huko Ufaransa mwaka 1943, wakati mgandamizo wa mitungi ulipokuwa mdogo kuliko wa leo, na tangu hapo watu wamepiga mbizi nayo mara zisizohesabika na kurudi nyumbani salama. Marekani hadi leo ndiyo ya kawaida kwa wapiga mbizi wa starehe. Faida yake ni ya kweli: inafungwa kwa sekunde chache hata boti ikiyumba, haina hesi za kuharibika kwa mchanga, na mtu anayeanza huielewa kwa kuitazama mara moja. Katika mbizi ya mita 12 juu ya matumbawe, uso wa maji ukiwa wazi juu yako na mwenzako akiwa umbali wa mkono, oringi ikianza kuvuja utaona mstari wa mapovu nyuma ya kichwa cha mwenzako, mtapeana ishara, mtapanda taratibu. Limenikuta hilo mara mbili katika miaka yangu yote ya kazi, na mara zote mbili tulifika juu na hewa ya kutosha.

Mpaka wa yoki uko kwenye mgandamizo. Chini ya viwango vya Ulaya haitumiki zaidi ya bar 232, na ya Kimarekani imepimwa kwa paundi 3,000 kwa inchi mraba, yaani karibu bar 207. DIN ina toleo la bar 232 lenye hesi 5 na toleo la bar 300 lenye hesi 7, na waliobuni walikuwa na busara: valvu ya bar 300 ina kina kirefu zaidi, hivyo shina fupi la bar 232 likiingizwa humo halifiki mwisho na haliwezi kuziba, lakini shina refu la bar 300 linafanya kazi kwenye valvu zote mbili. Regulata mpya nyingi za DIN zinazouzwa leo zina shina refu. Kwa mnunuzi wa regulata iliyotumika, ushauri wangu ni kuzihesabu hesi kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Je, bar 300 ina faida yoyote kwetu? Kwa maoni yangu haina. Mitungi tunayoitumia pwani hii kwa sehemu kubwa ni ya alumini, ile ya lita 11.1 inayojazwa bar 207, na kompresa nilizofanya nazo kazi hazijazi zaidi ya bar 220. Hata penye kompresa yenye nguvu, hewa haishindiliki kwa uwiano ule ule inapofika juu sana: mtungi wa lita 10 kwa bar 300 unatakiwa kwa hesabu ya kawaida uwe na lita 3,000, lakini kwa kweli unabeba kama 2,700. Anayenunua DIN kwa sababu ya namba 300 iliyochongwa juu yake ananunua kwa sababu isiyomhusu. Sababu inayomhusu ni oringi.

Sasa nifike kwenye mambo ya huku kwetu, ambako uamuzi wenyewe ndiko unakofanyika. Valvu nyingi za mitungi ya kukodi ninazokutana nazo zinaweza kupokea maungio yote mawili. Kwa nje zina mdomo wa DIN wa bar 232, na ndani ya mdomo huo kumefungwa kipande kidogo cha duara, tunakiita inseti, chenye hesi zake na oringi zake, kinachoufanya uso wa valvu uwe wa yoki. Kikitolewa, valvu inakuwa ya DIN. Kinafunguliwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 8, kazi ya nusu dakika. Aliye na regulata ya DIN hahitaji zaidi ya kumwambia mhusika wa mitungi siku moja kabla, kwa adabu, "Naomba mitungi yangu ya kesho iwe ya inseti zinazofunguka," na kwenda na alenki yake mwenyewe kwa tahadhari.

Ninasema kwa tahadhari kwa sababu inseti isiyofunguliwa mwaka mzima hushikwa na chumvi. Nimewahi kusimama saa moja juu ya mtungi, nikimwaga maji ya moto kidogo kidogo juu ya valvu, nikijaribu alenki, nikiacha, nikijaribu tena, mpaka kona za ndani za inseti zikaanza kulika na nikaona ni heri niuache mtungi huo kwa wenye yoki. Ukiona alenki inateleza, acha. Kona zikishalika, hakuna atakayeweza kuitoa inseti hiyo bila kuivunja. Kituo kinachojali mitungi yake hufungua inseti zote mara kwa mara, huzisuuza, hupaka mafuta kidogo ya silikoni kwenye oringi na kuzirudisha, na kwa mitungi ya nitroksi yenye oksijeni nyingi hutumia mafuta maalumu yasiyowaka badala ya hayo ya silikoni.

Kuna jambo jingine kuhusu inseti ambalo vijana hawaambiwi. Mtungi usisafirishwe wala kupakiwa kwenye gari wakati mdomo wa DIN uko wazi. Ule mdomo ni pete nyembamba ya shaba, na mtungi ukianguka na kuugonga, duara lake hubonyea kidogo tu, kiasi usichokiona, lakini shina la regulata halitaingia tena. Inseti ikiwa ndani huupa mdomo nguvu. Tunazitoa tukiwa botini, na tunazirudisha kabla mitungi haijashushwa.

Panapokuwa na valvu ya yoki tupu isiyo na inseti, mwenye DIN anahitaji adapta, ambayo ni fremu ndogo ya yoki inayofungwa kwenye shina la DIN. Kila mwenye DIN katika ukanda huu anapaswa kuwa nayo begini. Lakini tusijidanganye juu ya kinachotokea pale: ukiiweka adapta umerudi kuitegemea oringi ya mtungi, na juu yake umeongeza ya kwako, maana sasa kuna maziba mawili badala ya moja. Adapta pia inaisogeza regulata karibu na kisogo, na mrefu wa shingo hatajali, lakini mimi huigonga kila ninapotazama juu. Aliye na DIN na adapta isiyotoka kwenye regulata mwaka mzima ana yoki nzito zaidi kuliko ya jirani yake. Ukiwa kinyume chake, yaani una yoki na mtungi uliopewa ni wa DIN wa bar 300 usio na inseti, hakuna adapta ya kuaminika ya kukutoa hapo. Inseti ya kawaida haifai kwenye mdomo ule wenye kina kirefu. Utabaki ufukweni.

Yupo mmoja kati ya wale vijana watatu ambaye swali lake lilikuwa tofauti kidogo, na linastahili maelezo ya pekee kwa kuwa linawapata wengi. Mgeni wake kutoka Ulaya, baada ya wiki mbili za kupiga mbizi pamoja, alimwachia regulata yake kama zawadi, nzuri, ya chapa inayoheshimika, iliyotunzwa vizuri. Kijana aliileta kwangu akiwa na furaha kubwa kwa sababu ilikuwa ya DIN. Tulipojaribu kuifunga kwenye mtungi, shina halikuingia kabisa. Lilikuwa nene kuliko mdomo. Tukaitazama kwenye mwanga na kukuta maandishi madogo kwenye gurudumu: M26x2. Huo ni muungo uliowekwa na viwango vya Ulaya kwa ajili ya nitroksi na oksijeni, umefanywa mnene kwa makusudi ili mtu asiweze kufunga regulata ya hewa ya kawaida kwenye mtungi wenye oksijeni nyingi. Kipenyo chake ni milimita 26, wakati G5/8 ni karibu 23. Adapta za yoki zinazouzwa kwa DIN ya kawaida nazo hazimsaidii. Zawadi ile haijapotea, kwa kuwa kwa regulata nyingi fundi mwenye vipuri vya kampuni husika anaweza kulitoa shina la M26 na kuweka la G5/8, au hata fremu ya yoki, lakini ni gharama na ni kusubiri. Kwa hiyo, unapopewa au kuuziwa regulata ya DIN iliyotoka Ulaya, soma kilichoandikwa kwenye gurudumu kabla hujasema asante, au angalau mara tu baada ya kusema.

Kwa kuwa nimegusa vipimo visivyopatana, naomba nafasi ya onyo moja ambalo si la regulata bali la valvu yenyewe na mtungi, kwani uzembe wake unaua. Valvu hufungwa shingoni mwa mtungi kwa hesi pia, na zipo za aina mbili zinazofanana mno: M25x2 ya Ulaya, na ile ya inchi 3/4 yenye hesi 14 kwa inchi, ambayo ndiyo ya mitungi mingi ya alumini tunayoitumia. Valvu ya M25 inaweza kuingia kwenye shingo ya inchi 3/4, ikazunguka, ikaonekana imekaa, huku hesi zikishikana kwa ncha tu. Mtungi huo ukijazwa, valvu inaweza kuruka kama risasi. Vipimo vimechongwa kwenye valvu na kwenye bega la mtungi, na anayebadilisha valvu bila kuvisoma vyote viwili hapaswi kuruhusiwa kuukaribia mtungi. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea.

Nirudi kwa vijana wangu. Niliyemjibu wa kwanza anaongoza wageni kwenye miamba ya karibu, mita 10 hadi 18, siku tano kwa wiki, kwa mitungi ya kituo kimoja tu ambayo valvu zake zote ni za yoki tupu. Nilimwambia anunue yoki bila wasiwasi, na fedha atakayobakiza aiweke kwa ajili ya matengenezo ya kila mwaka na oringi nzuri za ugumu wa 90. DIN yenye adapta ya kudumu isingempa kitu. Nilimwomba jambo moja, akalikubali: kwamba kila asubuhi, kabla ya wageni kufika, apitie mitungi yote ya siku hiyo na kuzigusa oringi zake moja moja. Mitungi kumi na miwili haimchukui dakika tano.

Wa pili anataka kusonga mbele. Amekwisha kwenda Pemba mara kadhaa, anaifahamu mikondo ya Njao, ameteremka kwenye MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa, na nia yake ni kusomea mbizi za kina na za ndani ya meli. Huyo sikumpa nafasi ya kusita. Achukue DIN ya bar 300, anunue alenki ya milimita 8 na adapta moja, na ajifunze mapema namna ya kuanza hesi: shina likishawekwa mdomoni, ulizungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie mlio mdogo wa hesi zikiangukiana, ndipo uzungushe kwa kukaza. Anayelazimisha hesi zilizoingia mshazari kwenye boti inayoyumba ataharibu valvu ya watu na shina lake mwenyewe kwa mara moja. Na kila baada ya mbizi, kifuniko cha shina kikauke kwanza kabla hakijarudishwa, kwani tone moja la maji ya chumvi likifungiwa mle litaingia moja kwa moja kwenye hatua ya kwanza. Atafaidika pia na uzito, kwa sababu hatua ya kwanza ya DIN ni nyepesi kuliko ya yoki kwa kama gramu 200, kutegemea muundo, na anayesafiri kwa ndege ndogo kwenda Mafia anajua namna begi linavyopimwa.

Wa tatu ndiye mwenye ile zawadi. Juzi nilikwenda naye kwa fundi, na fundi aliifungua mbele yetu, akalitoa lile shina nene na kutuonyesha oringi iliyokuwa kwenye ncha yake: laini, inang'aa, bila ufa hata mmoja, baada ya kusafiri kutoka baridi ya Ulaya hadi juani kwetu. Yule mgeni alikuwa mtu wa kuangalia. Shina la G5/8 limeagizwa, na fundi amesema linaweza kuchukua wiki tatu. Kijana ataendelea kutumia regulata ya kituo hadi litakapofika, na kichupa changu kimoja cha oringi nimemwachia.